Maji Safi, Maji Salama: Uhakiki wa Istilahi za Ubora wa Maji na Udhibiti wa Taka katika Kiswahili cha Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inahakiki baadhi ya istilahi za Kiswahili zinazotumika katika uhandisi wa mazingira, hususani katika nyanja za ubora wa maji na udhibiti wa taka. Hoja yake ya msingi ni kwamba tatizo kubwa la istilahi hizi si uhaba, kama inavyodaiwa mara kwa mara, bali ni kurundikwa kwa dhana nyingi katika neno moja, 'safi', ambalo kwa asili hueleza kinachoonekana kwa macho. Kwa kutumia mifano ya floridi katika Bonde la Ufa, kipindupindu cha Goma cha mwaka 1994 na maporomoko ya jaa la Kiteezi ya mwaka 2024, makala inaonesha kuwa mkanganyiko wa istilahi una gharama kwa afya ya watumiaji wa lugha. Inahitimishwa kwa mapendekezo machache yanayotegemea zaidi msamiati ambao Kiswahili tayari kinao.

1.0 Utangulizi

Katika mikutano ya wataalamu wa Kiswahili kuna kauli iliyosikika mara nyingi mpaka ikazoeleka, kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi na teknolojia. Kauli hii haina nguvu inapohusu maji na taka. Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, msingi wa msamiati wa kemia ya maji umekuwapo. Mamlaka za maji za Tanzania zina majina ya Kiswahili, ankara zao husomwa kwa Kiswahili, na matangazo yao ya mgawo wa maji hutolewa kwa Kiswahili. Nchini Kenya, Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Maneno yapo. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni kama maneno hayo yanatenganisha mambo ambayo mhandisi lazima ayatenganishe.

Swali hili sasa ni la kanda nzima. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikiingiza miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya mwaka 2021, na Baraza la Mawaziri la Uganda likaridhia kifanywe lugha rasmi mwaka 2022. Wakati huohuo, maji ya kanda hii hayajui mipaka. Ziwa Viktoria ni la nchi tatu. Ziwa Tanganyika ni la Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Ziwa Kivu ni la Rwanda na Kongo. Tangazo la tahadhari linaloandikwa upande mmoja wa ziwa litasomwa upande wa pili. Kwa hiyo istilahi inayoeleweka Mwanza pekee haitoshi.

2.0 Kigezo cha Uhakiki

Uhakiki wa istilahi katika Kiswahili umekuwa ukitumia vigezo vinavyofahamika: usahihi, uwazi, ufupi, ulinganifu na kukubalika. Nyuma ya vigezo hivyo upo mtazamo wa Eugen Wüster kwamba dhana moja iwe na istilahi moja, na istilahi moja iwe na dhana moja. Mtazamo huo umekosolewa na wanaistilahi wa baadaye, wakiwamo Maria Teresa Cabré na Rita Temmerman, kwa sababu istilahi huishi katika mawasiliano ya watu wala haikai kwenye jedwali tu. Makala hii haitaki kuingia katika ubishi huo kwa kina. Inachukua kutoka pande zote mbili kigezo kimoja, ambacho tunakiita kigezo cha tendo: je, mtu asiye mtaalamu, akiisikia istilahi hii peke yake, atafanya lile ambalo mhandisi anataka afanye?

Kigezo hiki ni kikali kuliko kigezo cha uwazi. Istilahi inaweza kuwa wazi kabisa, yaani kila mtu akaielewa papo hapo, na bado ikampeleka msikilizaji kwenye tendo lisilofaa.

3.0 Istilahi za Ubora wa Maji

3.1 Mzigo wa neno 'safi'

Tukisoma matangazo, vitabu vya shule na tafsiri za ripoti, tutakuta maneno 'maji safi' yakibeba angalau dhana nne. Kwanza, maji yasiyo na tope wala taka zinazoonekana. Pili, maji yanayofaa kunywewa. Tatu, maji yaliyopita katika mtambo wa kusafishia, kinyume na majitaka. Hii ndiyo maana ya 'majisafi' katika majina ya mamlaka. Nne, maji yasiyo ya chumvi, yaani ya mito na maziwa, hasa pale mfasiri anapokutana na dhana hiyo katika matini ya ekolojia na kuandika 'viumbe wa maji safi'.

Maana ya nne ndiyo rahisi kuikosoa, kwani haikuhitajika hata kidogo. Wavuvi na mabaharia wa pwani walikuwa na 'maji baridi' kabla ya mwanaekolojia yeyote kuzaliwa, na vitabu vya uvuvi bado vinasema 'samaki wa maji baridi'. Mfasiri anayeliacha neno hili na kuandika 'maji safi' anafikia kauli ya ajabu kwamba mto uliojaa majitaka ya viwandani ni 'mazingira ya maji safi'.

Hatari zaidi ni mgongano wa maana ya kwanza na ya pili. Maji ya chemchemi na visima vingi katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, kama yalivyo ya sehemu za Nakuru na kwingineko katika Bonde la Ufa, ni maangavu. Hayana tope, hayana harufu. Lakini mengi yana floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Anayeyanywa tangu utotoni huota meno ya kahawia, na kiwango kikiwa kikubwa zaidi mifupa huathirika. Kuyachemsha hakusaidii, kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke na floridi hubaki. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimeshughulikia njia nyingine kabisa, ya kupitisha maji katika mkaa wa mifupa. Mkazi wa maeneo hayo anapoambiwa atumie 'maji safi', anaitazama ndoo yake na kuona kwamba amekwisha kutii.

Mfano wa Goma ni mzito zaidi. Mwezi Julai mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia katika mji huo wa Kongo, na wengi walichota maji ya Ziwa Kivu bila kutiwa klorini. Kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya watu katika muda wa wiki chache. Si neno lililowaua watu hao. Walikosa maji ya kunywa, walikosa vyoo, na misaada ilichelewa. Hata hivyo tukio lile linatufundisha jambo kuhusu istilahi: vimelea vya kipindupindu havionekani katika kikombe. Mhandisi anapopima maji ya kunywa hutaka asikute bakteria hata mmoja wa aina ya E. koli katika mililita 100. Hakuna jicho linaloweza kufanya kazi hiyo, wala neno lililozaliwa na jicho haliwezi kuibeba.

Itajibiwa kwamba Kiswahili kimekwisha kulitatua hili kwa maneno 'maji safi na salama'. Ni kweli kwamba maneno hayo yana mambo mawili. Lakini yamesemwa pamoja kwa muda mrefu mno, majukwaani na katika mabango, mpaka yamekuwa kama neno moja. Kiunganishi 'na' hakiongezi tena sharti la pili. Kimekuwa cha mdundo tu, na 'salama' imekuwa pambo la 'safi'. Msikilizaji haambiwi kwamba maji yanaweza kuwa na sifa moja yakakosa nyingine. Ni vigumu kukuta bango linalosema 'maji haya ni safi lakini si salama', ingawa kwa mamilioni ya watu wa Bonde la Ufa hiyo ndiyo taarifa wanayoihitaji.

3.2 Kusafisha, kutibu na kuzalisha

Katika mtambo wa maji, hatua ni nyingi na kila moja ina kazi yake: maji ghafi huingia, hutiwa kemikali ya kugandisha tope, hutuamishwa, huchujwa, kisha huuliwa vimelea. Kiswahili cha ofisi kimezoea kuziita zote 'kusafisha maji'. Hapa tena neno linaficha. Jamii za Waswahili zimejua 'shabu', ambayo ikitiwa katika maji ya mto hukusanya tope na kulishusha chini. Na sehemu nyingi za kanda hii mbegu za mlonge hufanya kazi hiyohiyo. Mtambo mkubwa wa mjini hutumia kemikali za jamii ya shabu kwa hatua hiyo. Lakini maji yaliyotiwa shabu yakaangaa bado yanaweza kuwa na vimelea. Yamesafishwa, hayajawa salama. Istilahi ya jumla 'kusafisha' haimpi mtumiaji njia ya kujua amefika hatua gani.

'Kutibu maji' ni istilahi mpya zaidi, nayo imeshambuliwa kwa madai kwamba ni tafsiri sisisi, kwani anayetibiwa ni mgonjwa. Shambulio hilo si la haki. Sitiari ya tiba inaleta mawazo mawili yenye manufaa: kwamba kasoro inaweza kuwa ndani bila kuonekana, na kwamba tiba ina kipimo. Klorini ikipungua haiui vimelea. Baada ya dakika 30 inatakiwa ibaki angalau miligramu 0.5 katika lita. Katika hili 'kutibu' ni bora kuliko 'kusafisha'.

Shida ya sitiari hiyo inajitokeza katika neno linaloambatana nayo, 'dawa ya maji'. Mwandishi wa makala hii aliwahi kuulizwa na mama mmoja mtu mzima kwenye kioski cha maji: "Mwanangu, kama maji haya ni safi, mnayatia dawa ya nini? Nani anaumwa hapa?" Swali hilo halikutokana na ujinga. Mama alikuwa ameisoma istilahi kwa usahihi kuliko walioitunga. Dawa hupewa mgonjwa. Asiyeumwa akipewa dawa ana haki ya kushuku. 'Klorini' ni neno geni, lakini halizui shuku ya namna hiyo, na linataja kitu chenyewe.

Istilahi ya tatu, 'kuzalisha maji', haina utetezi. Siku hizi husikika kwamba mtambo fulani 'unazalisha' lita kadhaa kwa siku. Mtambo hauzalishi maji. Unayatoa mtoni na kuyatibu. Mwaka 2022 kina cha mto Ruvu kiliposhuka kwa ukame na wakazi wa Dar es Salaam wakaingia katika mgawo, ilibainika wazi mzalishaji ni nani. Istilahi inayoufuta mto katika sentensi inamfanya mlaji wa maji auone uharibifu wa chanzo kama jambo lisilomhusu, kwa sababu kwake maji hutoka mtamboni.

4.0 Istilahi za Vyoo, Majitaka na Taka

4.1 'Usafi wa mazingira' na haya ya lugha

Mamlaka ya maji ya Dar es Salaam ilikuwa ikiitwa ya 'Majisafi na Majitaka'. Leo, sambamba na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, ni ya 'Majisafi na Usafi wa Mazingira'. Mabadiliko haya yana mantiki: wakazi wengi wa jiji hawajaunganishwa na mabomba ya majitaka, bali hutumia vyoo vya shimo na mashimo ya kuhifadhia majitaka, na huduma inayowahusu ni pana kuliko bomba. Dhana imepanuka na jina likafuata.

Lakini katika kupanuka huko, kitu kimoja kimepotea machoni: kinyesi. Dhana ya kihandisi inayokusudiwa ni kumtenga binadamu na kinyesi chake, kuanzia chooni mpaka mahali pa mwisho. 'Usafi wa mazingira' kwa mzungumzaji wa kawaida ni kufagia, kufyeka na kuzoa takataka. Tanzania inayo desturi ya usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Rwanda nayo inayo umuganda siku hiyohiyo, ambao ni kazi ya pamoja ya namna nyingi. Shughuli hizo ni njema. Tatizo ni kwamba mtu aliyefagia uwanja wake asubuhi hiyo ana kila sababu ya kuamini kuwa ametimiza 'usafi wa mazingira', huku shimo la choo chake likivujia kisima cha jirani. Kwa kigezo cha tendo, istilahi imemwelekeza kwenye fagio.

Tasfida ni sehemu ya adabu ya Kiswahili, na hakuna anayependekeza kuiacha katika mazungumzo. Lakini tasfida katika istilahi ya afya ya umma ina gharama. Kwa sababu hiyo inastahili kusifiwa istilahi 'topekinyesi', inayotumiwa na wataalamu wa Tanzania kwa kile kinachonyonywa na magari kutoka vyooni. Ni fupi, imeundwa kwa maneno mawili ya Kiswahili, haifichi kitu, na inajaza pengo ambalo 'majitaka' na 'taka ngumu' haziwezi kulijaza, kwa kuwa kitu chenyewe si maji wala si kigumu. Huu ni ushahidi kwamba mwambatano wa maneno ya kawaida unaweza kutoa istilahi sahihi bila kukopa.

4.2 Jaa, dampo na 'dampo la kisasa'

Kiswahili kina 'jaa' na 'jalala' kwa mahali pa kutupia taka, na mkopo 'dampo' umeenea Tanzania. Uhandisi hutofautisha mahali pa aina mbili. Pa kwanza taka hutupwa na kuachwa. Pa pili sakafu huzibwa ili maji yanayochujika kutoka kwenye taka yasiingie ardhini, maji hayo hukusanywa na kutibiwa, gesi hutolewa kwa mabomba, na taka hushindiliwa na kufunikwa kwa udongo kila mara. Mahali hapa pa pili pameitwa 'dampo la kisasa'.

Kivumishi 'kisasa' kinaeleza wakati. Hakielezi muundo wala kazi. Kinasema kwamba mahali pale ni papya, na upya huisha. Jaa la Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, lilianzishwa miaka ya 1990 likiwa limekusudiwa kuwa la aina ya pili. Kadiri miaka ilivyopita na taka zilivyozidi uwezo wake, likawa mlima. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua, mlima huo uliporomoka juu ya makazi na kuua zaidi ya watu 30. Istilahi inayotaja wakati isingeweza kutuambia ni lini Kiteezi iliacha kuwa kile ilichokusudiwa kuwa. Istilahi inayotaja kazi ingeweza: jaa ambalo halifunikwi, halishindiliwi wala maji yake hayakusanywi si 'jaa lililodhibitiwa', hata kama lilijengwa jana. Jina lingekuwa kipimo, na jirani wa jaa angekuwa na neno la kulalamikia.

Kuhusu 'taka ngumu', iliyokosolewa kwa kuwa ganda la ndizi lililooza si gumu, tunaona ukosoaji huo ni wa haki kinadharia lakini hauna faida. Istilahi imekita mizizi na haimpotoshi mtu katika tendo. Kuibadilisha kuwa 'taka yabisi' kungeongeza usahihi kidogo na kupunguza uelewa mwingi.

5.0 Istilahi Zinapovuka Mpaka

Yaliyojadiliwa hadi hapa ni ya ndani ya lugha moja inayodhaniwa kuwa ni ileile kila mahali. Sivyo ilivyo. Nchini Kenya 'mfereji' hutumika kwa kile ambacho Tanzania hukiita 'bomba'. Nchini Tanzania 'mfereji' ni mtaro wa kupitishia maji. Tangazo la Kenya linalohimiza watu watumie 'maji ya mfereji' badala ya maji ya ziwa wakati wa mlipuko wa kipindupindu, likibandikwa bila kuhaririwa upande wa pili wa mpaka, litakuwa linawahimiza watu wanywe maji ya mtaroni. Rwanda na Burundi wengi husema 'robine', na neno hilo la asili ya Kifaransa, ingawa halimo katika Kiswahili sanifu, halina utata huo.

Vilevile 'karo' nchini Tanzania ni shimo au tangi la majitaka ya nyumba, ilhali nchini Kenya ni ada ya shule. Hapa mkanganyiko huleta kicheko zaidi kuliko madhara. Lakini msanifishaji anayekaa mji mmoja na kutoa orodha ya istilahi kwa kanda nzima angepaswa kuuona mfano huu kama onyo.

6.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na uhakiki huu tunapendekeza yafuatayo. Mosi, 'safi' ibaki na kazi yake ya asili, ya kinachoonekana. Maji ya kunywa yaitwe 'maji salama', yasiyo ya chumvi yaitwe 'maji baridi', na yasiyotibiwa yaitwe 'maji ghafi'. Pili, matangazo yataje kitu na tendo: 'maji yaliyotiwa klorini', 'maji yenye floridi nyingi', badala ya 'dawa' na 'ubora'. Tatu, 'usafi wa mazingira' ibaki katika majina ya taasisi, lakini katika elimu kwa umma ifuatane daima na 'vyoo na topekinyesi'. Nne, 'jaa lililodhibitiwa' ichukue nafasi ya 'dampo la kisasa'. Tano, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na mashirika ya viwango kutoa kwa Kiswahili kiwango cha pamoja cha maji ya kunywa, na rasimu isomwe kwanza Kisumu, Goma, Bujumbura na Kigoma kabla ya kupitishwa.

Hakuna istilahi itakayoondoa floridi katika kisima wala kuzuia mlima wa taka usiporomoke. Kazi hizo zinahitaji fedha, mitambo na wahandisi. Lakini mtu hawezi kudai haki asiyoweza kuitaja. Mkazi wa Arusha mwenye neno la kusema kwamba maji yake ni safi ila si salama amepata hoja ya kuipeleka kwenye kikao cha kijiji; asiye na neno hilo ataendelea kuambiwa kwamba maji anayo.